Jino Lililotaka Kuaga

Asubuhi moja, mpokezi wa hoteli alipokuwa akimkabidhi mgeni ufunguo wa chumba, gego lake la chini kushoto lilisema, "Kile kiatu changu alikirudisha kisigino kimeisha." Sauti ilikuwa ya mpokezi mwenyewe, ila ilitoka nyuma kidogo, kama ya mtu anayezungumza akiwa jikoni. Mgeni akachukua ufunguo, akauliza chai ni saa ngapi, akaenda zake.

Hotelini mpokezi huyo walimwita Tabasamu, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alimzika mdogo wake Jumatano. Ijumaa alirudi mezani, akawachekea wageni kicheko cha jino pembe, kwa kuwa meneja alisema mgeni halipii msiba wa mtu. Hakupata nafasi ya kulia. Machozi yaliyokosa njia ya machoni yakashuka kinywani, yakajipanga kwenye meno.

"Jino likisema, linataka msikilizaji," alisema shangazi yake, aliyeishi naye. "Ningelisikiliza mimi, lakini mwanangu, unanijua. Nitalijibu."

Kwenye jengo la kliniki alikuwepo mshauri nasaha, mama mpole mwenye viti viwili na boksi la tishu. Kukaa naye saa moja kulikuwa ghali kuliko kulala hotelini. Tabasamu akatoa kadi ya bima aliyopewa kazini. Binti wa dirishani akaigeuza huku na huku.

"Hii ni ya macho, meno na mifupa. Huzuni haimo, dada."

"Huzuni yenyewe iko kwenye jino."

"Si ungesema mapema? Mlango wa pili kushoto."

Daktari wa meno alimulika, akagonga, akamulika tena. "Halijatoboka," alisema. "Lina maneno tu." Akamchoma sindano ya ganzi. Mdomo wa Tabasamu ukafa upande mmoja, na jino likapata nafasi ya kusema bila kukatizwa. Likaeleza jinsi mdogo mtu alivyokuwa akiazima viatu bila kuomba, na kwamba kile kilichoisha kisigino bado kiko chini ya kitanda na hakuna wa kugombana naye. Daktari alivua miwani, akaifuta. Kisha akawapigia simu watu wa bima.

"Kusikiliza hatulipii," sauti ilisema. "Kung'oa tunalipa leo hii."

Akaling'oa. Tabasamu alirudi nyumbani na shavu limevimba, akanywa supu, na kwa mara ya kwanza tangu maziko akalala hadi asubuhi.

Juma lililofuata jino la jirani likaanza kuzungumzia wodi alimolazwa mdogo mtu. Likang'olewa. Chonge lilikuwa na hasira, lilimlaumu marehemu kwa kufa bila taarifa, hadi mgeni mmoja kwenye foleni akasema, "Kweli kabisa." Nalo likang'olewa. Kila jino lilipotoka, kifua kilipata nafuu na tabasamu likapata dirisha.

Meneja akamwita. "Wewe ndiye mlango wa hoteli hii. Mlango hauwi na matundu. Huko nyuma sijali, lakini la mbele likitoka, tutaagana."

Meno ya bandia bima haikulipia. "Hata ingelipia," alisema shangazi. "Jino la pembe si dawa ya pengo." Na kadi yenyewe ilikuwa ya kazini. Kazi ikiondoka, kadi nayo inaondoka, na meno yaliyobaki yatasema na nani?

Jumatatu jino la mbele kabisa likakohoa. "Nilikuwa nataka kumwambia," lilianza, mbele ya foleni. Tabasamu akafumba mdomo, akashinda siku nzima anawaonyesha wageni vyumba vyao kwa kidole.

"Hili likitoka, kazi imetoka," alisema daktari. Yeye na kinywa kile walishakuwa kama majirani. Akafikiri. "Lakini ganzi wanailipia kivyake. Na ganzi haishiki mara moja." Akavuka korido, akarudi na mshauri, akamvika koti jeupe na kumshikisha mpira wa kufyonza mate. "Huyu msaidizi wangu. Msaidizi analipiwa."

Basi kila Alhamisi mshauri alishika mpira wa mate na kuuliza, "Na wewe hapo ulijisikiaje?" Jino la mbele lilikuwa na haya. Lilianza na habari za mvua, likaenda kwenye bei za vitu, likarudi kwenye mvua. Mshauri hakuliharakisha.

Watu wa bima ndio waliopiga simu. "Mgonjwa wenu ana ganzi nyingi kuliko meno. Kuanzia kesho, ganzi tunalipa jino likitoka tu."

Jino likaambiwa.

"Aliniuliza zamu yangu inaanza saa ngapi," lilisema. "Nikamwambia saa mbili. Akasema, basi nenda dada, utachelewa. Nikaenda. Nilikuwa nataka kumwambia, wacha nichelewe. Kwaheri, mdogo wangu."

Tabasamu alilia kwa jicho moja, kwa kuwa upande wa pili ulikuwa umekufa ganzi. Mshauri akasahau kufyonza. Daktari akawa anaitazama taa, ingawa haikuwa na tatizo.

Jino lile halikusema tena, na halikutoka. Tabasamu akarudi mezani na tabasamu zima kwa mbele, na nyuma yake mapengo matupu. Meneja akaridhika. Bima nayo ikampongeza daktari kwa kupunguza matumizi ya ganzi.

Mwisho wa mwezi meneja alikuja mezani ameshika shavu. Ndani ya shavu sauti yake mwenyewe ilikuwa ikisema, "Baba alisema ningoje hapa getini."

"Daktari wako yuko wapi?" aliuliza meneja.

"Kliniki, mlango wa pili kushoto, bosi."

"Kadi wanaipokea?"

"Kwa kung'oa."

"Na kwa kusikiliza?"

"Bado."

Meneja alipapasa meno yake kwa ulimi, moja moja. Yalikuwa mazuri, na yote yalikuwepo. Tabasamu akamsogezea kiti.

"Kaa, bosi. Mpaka simu ilie."

Akakaa. Jino likaanza upya, kuanzia kengele ya shule ilipogongwa na watoto wengine wakachukuliwa. Lilikuwa bado liko getini simu ilipolia. Tabasamu akaliomba radhi, akatabasamu, akapokea.