Kadi Moja, Watoto Wawili

Kimya alianza kukakamaa mikononi mwangu tukiwa kwenye benchi la wodi ya watoto, saa tano kasoro asubuhi. Macho yakageuka juu, mdomo ukaenda upande, kisha mwili mzima ukaanza kutikisika. Nusu saa kabla, pacha wake, Bosi, alipatwa na degedege hivyo hivyo. Alichomwa sindano ya paja, akatulia, na sasa alikuwa nje amelala mapajani mwa bibi yake. Kwa hiyo nilijua dawa ipo. Nikakimbia.

"Sista! Na huyu naye!"

Muuguzi akampokea, akamlaza kwa ubavu, akamlegeza nguo. Akageukia kabati la dawa, lile jipya la chuma lenye droo nyingi na kompyuta juu yake, akaandika namba ya kadi yangu. Nikasubiri ule mlio wa droo kujifungua. Haukuja. Kioo kikawa chekundu.

"Mama, mtoto ameshapewa dawa hii. Saa nne na dakika ishirini."

"Aliyepewa ni mwenzake!"

"Mbona hapa kuna mtoto mmoja tu?"

Nilijua kwa nini. Mwezi uliopita, hospitali ilipohamisha majina kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye kompyuta, nilisimama dirishani mmoja mgongoni, mmoja kifuani, jasho likinitiririka. Karani akaniambia kila mtoto na foleni yake. Nikamtania, "Kwani hawa walikuja mbalimbali? Wanakula pamoja, wanalia pamoja. Waandike pamoja tu, kaka yangu, unipunguzie safari." Tukacheka wote wawili. Akatoa kadi moja. Nilirudi nyumbani najiona mjanja.

"Ni mimi niliyesema waandikwe pamoja," nikamwambia muuguzi. "Ni kosa langu. Nakuomba, fungua."

"Nikimpa mara mbili anaacha kupumua. Unanielewa? Na wewe hapo ulipo umechanganyikiwa. Unaweza kuwa umebadilisha watoto bila kujua. Kompyuta haichanganyikiwi."

"Muulize daktari."

"Yuko chumba cha upasuaji."

"Ufunguo wa kabati je?"

Akatupa jicho ukutani. Hapo ilining'inia bahasha ya kaki yenye muhuri mwekundu, imeandikwa "Ufunguo wa dharura". "Aliyeifungua mara ya mwisho," akasema taratibu, "hayupo kazini tena."

Nikatoa kichwa mlangoni, nikapiga kelele. "Mama! Mlete Bosi! Haraka!"

Mama yangu aliingia na kandambili moja mguuni, Bosi begani kama kifurushi. Akamtazama Kimya, akatutazama sisi, akatazama kile kioo chekundu.

"Kuna nini?"

"Kompyuta inasema mtoto ni mmoja," nikasema.

"Mmoja?" Akamlaza Bosi kitandani, kando ya mwenzake. "Haya, binti, wewe una macho. Hesabu vichwa."

Muuguzi akamfunua Bosi paja. Plasta ilikuwepo, aliibandika mwenyewe. Akamfunua Kimya paja la kulia, kisha la kushoto. Hakuna kitu. Akapitisha pamba yenye maji, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa ngozi, akitafuta tundu la sindano.

"Inaweza kuwa imebanduka," akanong'ona, kama mtu anayejibishana na nafsi yake.

"Ikabandukia kwa ndugu yake?" mama akauliza.

Midomo ya Kimya ilikuwa inageuka rangi. Saa ya ukutani ilisema dakika nne zimepita. Muuguzi aliitazama saa, akatazama kioo, akamtazama mwanangu. Halafu akanyoosha mkono, akaichana bahasha, akatoa ufunguo.

Droo ikafunguka. Nilidhani tumemaliza, kumbe bado. Kipimo cha dawa kilikuwa kinahesabiwa na kompyuta, na kompyuta ilishagoma.

"Kilo ngapi huyu?"

"Saba na nusu. Bosi ndiye mwenye nane."

Hata hivyo akampima, huku mimi nimemshika asianguke kwenye mizani. Saba na nusu. Akachomoa kalamu mfukoni, akaandika kwenye kiganja chake, midomo ikicheza. "Mara ya mwisho kupiga hesabu hii nilikuwa chuoni," akasema. Akamaliza, akafuta kwa kidole, akaanza upya. Nilitaka kupiga ukelele. Nikauma kitenge changu. Jibu la pili likafanana na la kwanza.

Akachoma.

Tulisubiri. Sijui ni muda gani, mimi nilikuwa natazama vidole tu. Kimoja kikakunjuka. Kikafuata kingine. Kisha Kimya, ambaye tulimpa jina hilo kwa sababu hata njaa haimlizi, akaangua kilio mpaka Bosi akazinduka akamsaidia.

"Lieni, wanangu," mama akasema. "Lieni wawili."

Muuguzi aliketi kwenye stuli, mbele yake fomu ya maelezo ya kuvunja muhuri. Akaandika tarehe, akakwama hapo. Nikamwomba karatasi. Nikaandika polepole, kwa mwandiko ule ule ninaojifunza jioni kwenye darasa la watu wazima: *Mimi mama wa pacha hawa ndiye niliyeomba waandikwe kama mtoto mmoja. Muuguzi aliwaona wawili, akampima Kimya, akahesabu mara mbili. Mwanangu anapumua.* Nikasaini.

"Andika na bibi yao alikuwepo," mama akadai. Nikaandika.

Kesho yake homa ilikuwa imeshuka. Muuguzi alikuwa zamuni, na kando ya kabati palikuwa na daftari jipya la kuandika dawa kwa mkono, lililofungwa kalamu kwa kamba. Nikamwacha Bosi kwa bibi yake, nikaenda dirishani kwa karani.

"Nataka kadi ya pili."

Akanitambua, akatabasamu. "Foleni imefika getini, dada. Si nilikuandikia wote pamoja?"

"Ndiyo. Leo napanga foleni."

Nikaenda kushika mkia wa foleni, Kimya kifuani, nikihesabu pumzi zake.