Majigambo ya MaNzuza

Huku kwetu Umlazi mwanamke hachezi arusini watu wakamtazama kimya. Akiingia katikati ya uwanja, akainua fimbo na kuanza kuchapa mguu, wenzake wa pembeni humrushia majigambo yake: yeye ni nani, ana vituko gani, anapenda kitu gani hadi kawa kichekesho. Mengine mtu hujitungia mwenyewe, mengine hubandikwa na majirani, na ya kubandikwa ndiyo hudumu. Mimi, MaCele, nikiingia naitwa Sikio la Ukutani, aliyejua mimba kabla ya mwenye mimba. Nilinuna miaka miwili. Siku hizi nisiposikia hivyo naona arusi imepooza. MaGumede, ambaye ukuta wa nyumba yake na wa MaNzuza ni mmoja, huitwa Mla Nyama Wima, maana hajawahi kuketi kwenye sherehe ya mtu.

MaNzuza hakuwa na majigambo yoyote. Aliolewa hapa mtaani, mume akafa mapema, naye akamwachia mama mkwe mtoto wa miezi minane na kwenda Johannesburg kufanya kazi za ndani. Kila Krismasi alikuja wiki moja, akafua mapazia, akaondoka. Aliporudi moja kwa moja, mama mkwe alishazikwa na mtoto, Mfanafuthi, alishaota ndevu. Mwaka wa tatu huo yupo nasi, na tulichojua juu yake ni kwamba hana maneno.

Sasa Mfanafuthi anaoa. Arusi ya kimila hufanyika kwa bwana arusi, upande wa bibi arusi unakuja na nyimbo zake kushindana na wenyeji, na mama wa bwana arusi hana pa kujificha. Lazima acheze mbele yao.

Jumatano ile alikuja kwangu na sahani ya skonzi. Aliketi, akaitazama chai niliyomwekea, hakuigusa.

"MaCele, Jumamosi nitaingia uwanjani."

"Tunajua, mama. Nguo si umeshonesha?"

"Nguo ipo. Nikiingia, wewe utasema nini?"

Nikaanza kuzipanga skonzi upya kwenye sahani. Mimi ambaye nina habari za mtaa mzima hadi za paka wake.

"Ndiyo hivyo," akasema. "Nitachapa mguu kwenye nyumba ya mwanangu kama mpangaji. Wale wageni watauliza huyu mwanamke ni wa nani, na hapana atakayewajibu."

Nilimwambia tutatunga. Nikamuuliza anapenda nini. Akasema hapendi kitu. Anachukia nini? Hachukii mtu. Nikamuuliza, basi huko Johannesburg miaka ishirini na saba ulikuwa unafanya nini?

"Kupiga pasi."

"Na ukimaliza?"

"Nguo haziishi, MaCele."

"Shoga, unaniua. Na chai hii mbona hunywi?"

"Chai sinywi ya kumiminiwa. Namimina mwenyewe."

Nilisukuma birika upande wake na kuendelea na mawazo yangu. Angalia nilivyokuwa nimekaa juu ya dhahabu nikitafuta kokoto. Nilichukua jani la Machi la kalenda ya mwaka uliopita, nyuma yake nikaandika majigambo ya kishujaa: Chui Jike wa vilima saba, aliyevuka mto uliofurika, mkuki usiopinda. Nilikusanya hapa na pale, kipande cha shangazi yangu, kipande nilichowahi kusikia msibani. Alisoma mara mbili.

"Mto gani?"

"Mto tu. Watu hawaulizi."

"Sawa. Lakini usimwambie mtu kwamba nilikuja kuomba. Naona aibu."

Niliapa. Na kwa mara ya kwanza tangu niote meno, nilitunza siri. Alhamisi nilikata viazi na wanawake kumi na wawili, MaGumede akinichokoza, "Sikio, leo umemeza nini? Mbona kimya kama una jipu?" Sikusema. Ijumaa sikusema. Nilijiona mtu wa maana sana.

Jumamosi uwanja ulijaa hadi juu ya ukuta. Upande wa bibi arusi walitoka Mtubatuba na mabasi mawili, na shangazi mtu wa bibi arusi, aliyevaa nguo ya vitambaa vya rangi nne. Alipoingia uwanjani wenzake walimrushia, "Mvunja Viti," naye akachapa mguu. "Alivunja cha mchungaji, akaomba kingine." Hadi sisi wenyeji tulicheka, jambo ambalo si zuri kimashindano. Aliporudi mahali pake alitutazama kama mtu aliyemaliza kazi.

Tukaimba wimbo wetu, MaNzuza akaingia.

Alikuwa amependeza, hilo niseme. Sketi nyeusi ya ngozi, kofia nyekundu, fimbo mkononi. Akainua mguu, akauchapa, akatuanzishia mwenyewe kwa sauti, "Chui Jike wa vilima saba."

Kimya. Nikaita mimi, "Aliyevuka mto uliofurika." Sauti yangu ikaenda peke yake kama kuku aliyetoka bandani. Wanawake wetu waligeuka kunitazama, kisha wakatazamana. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Majigambo hayajibiwi na mtu mmoja. Ilitakiwa niyamwage mtaa mzima tangu Jumatano ileile, kwenye viazi, kwenye foleni ya mkate, mpaka Jumamosi kila mdomo uwe nayo. Mara moja tu ya kunyamaza maishani mwangu, nikaichagua hiyo.

Akajaribu tena. "Mkuki usiopinda." Ngoma ikalegea. Upande wa pili shangazi mtu akamnong'oneza jirani yake kwa sauti ya kusikika, "Huyu wamemkodi?" Mfanafuthi, aliyekuwa amesimama na vijana wenzake, alitazama viatu vyake.

MaNzuza akasimama. Aliishusha fimbo. Nilikuwa karibu, niliona midomo yake ikicheza, nikadhani anasali. Haikuwa sala. Alikuwa anahesabu. Alipofika alipotaka, akasema, si kwa kuita, kwa sauti ileile ya kuomba chumvi:

"Mimi napiga pasi vitambaa vya vyombo."

Watu wakatega sikio.

"Napiga pasi soksi. Napiga pasi kamba za viatu. Nikipiga pasi nasikiliza ndondi redioni, miaka ishirini na saba, bondia simjui sura ila namjua anavyohema. Nikikasirika nahesabu, nafika tisa. Kumi sihesabu. Kumi ni ya aliyelala chini."

Kisha MaGumede, mfupa mkononi, amesimama kama kawaida yake, akapaza sauti kutoka kando ya sufuria:

"Ndiyo maana alfajiri hatulali. Tss, tss, mvuke ukutani, halafu mtu anasema *mpige, mpige*. Mume wangu akadhani anaambiwa anipige mimi."

Uwanja ukapasuka. MaGumede alikuwa amelimbikiza hilo lalamiko miaka mitatu na alilitoa kwa ubaya kabisa, mwenyewe alikiri baadaye. Lakini mtu wa ngoma alishalidaka. Akapiga mbili. Wanawake wetu wakaitikia, "Tss, tss."

MaNzuza akachapa mguu.

"Mvuke Ukutani," akaita MaGumede, sasa amenogewa.

"Mpige, mpige," wakajibu wote.

"Anahesabu."

"Tisa."

MaNzuza alirusha ngumi mbili hewani, kushoto fupi, kulia ndefu, na zilikuwa ngumi safi, za mtu aliyesikia nyingi. Upande wa Mtubatuba wakaanza kuhesabu pamoja nasi, moja, mbili, na kila tulipofika tisa alichapa mguu, tukaanza upya. Mara ya tatu nilimwona Mfanafuthi amenyanyua uso. Hakuwa anajua kuhusu ndondi. Baadaye alimwambia mke wake hivyo, mke akaniambia mimi: kwamba chumbani kwa mama yake redio ilisikika kila siku, naye hakuwahi kuuliza inasema nini.

Shangazi mtu alikuja mwenyewe jioni kumtafuta kwenye hema. "Yuko wapi huyu Mvuke?" Akaonyeshwa. Wakakaa pamoja hadi mabasi yalipopiga honi, na chai MaNzuza aliimimina mwenyewe.

Ya kwangu hayakukumbukwa hata mstari mmoja. Chui, mto, vilima saba, vyote vilikwenda na upepo, na ukiuliza leo mtaani watakwambia majigambo ya MaNzuza yalitungwa na MaGumede, ambaye halikatai hilo.

Jumatatu MaNzuza alipita kwangu kurudisha masufuria. Juu ya sufuria la mwisho aliweka lile jani la Machi. Nilikuwa nimempa limekunjwa mara nne. Sasa lilikuwa limenyooka kama limetoka dukani, bila mkunjo hata mmoja, na bado lina joto.

"Mpe mwingine haya," akasema. "Ni mazuri. Ila huo mto siujui."

Nikamwita aingie ndani. Nikaweka birika upande wake.