Padi ya Pili

Djaffar hakuwa bingwa wa gemu, na wala asingekudanganya. Alikuwa mchezaji wa kuvua viatu na kujinyoosha mkekani, akishindwa hucheka, akaenda zake kunywa chai. Lakini ukimuuliza anapenda michezo gani, basi kaa kitako, maana hamalizi. Ule wa magari aliupenda kwa muziki wake, si kwa mbio, kwani kila kona aliishia majanini. Ule wa kuruka mashimo aliupenda mpaka hatua ya tatu. Hatua ya nne hakuwahi kuiona na hakuona haja. Uliokuwa moyoni mwake hasa ni ule wa vifaru. Vifaru viwili, cha manjano na cha kijani, vinalinda kinyumba cha matofali chini ya kioo, na maadui wanashuka kutoka juu bila kuchoka. Utamu wake ni kuchezwa na watu wawili, bega kwa bega.

Tabu ni kwamba huyo wa pili hakuwapo. Alikuwa kaka yake, Mouhamadi, aliyebaki kisiwani Nosy Be, Madagaska, kwenye sebule yao ya mji wa Hell-Ville walimozozana kwa raha utoto wao wote. Djaffar alipooa mjini Mahajanga alihamia kwa mkewe, mtaa wa Tanambao, kama ilivyo desturi ya Wangazija: nyumba ni ya mwanamke, mume ndiye anayekuja na sanduku lake. Yeye alikuja na sanduku na mashine ya gemu. Mkewe Kouraichia aliitazama siku ya kwanza, akasema ni nzuri, akaenda zake sokoni kuuza vitambaa. Padi ya pili, ile ya kushikwa na mchezaji mwenza, ikabaki imeviringishiwa waya wake.

Mama wa nyumba, Bi Rabiata, hakumchukia mkwewe. Ila tangu zile fujo za mwishoni mwa mwaka 1976, zilizowang'oa Wangazija wengi mjini, alijizoeza kuwapima watu polepole, na Djaffar alikuwa bado anapimwa. Alisema naye kwa Kimalagasi, kama asemavyo na muuza mkaa, ingawa alijua fika kwamba nyanya yake kijana huyo alikuwa Mngazija na kwamba Kingazija anakisikia vizuri. Jina lake hakulitamka hata mara moja. "Mwambieni mtu wa Nosy Be chakula tayari," ndivyo alivyokuwa akisema. Aliyemwita Djaffar, tena kwa sauti ya kujaa nyumba, alikuwa baba mkwe, Mzee Houssen.

Na Mzee Houssen akafariki. Djaffar alimlilia kweli, kisha akaingiwa na hofu: nani tena humu atamwita kwa jina? Aliona ataishi kwenye nyumba ile mpaka azeeke, akiwa mgeni tu aliyesahau kuondoka.

Bi Rabiata akakaa eda. Nguo nyeupe, ndani kutwa, na sahani zikawa zinarudi jikoni kama zilivyotoka. Binti yake alimbembeleza mpaka akachoka. Mkwe ni maharimu, hakatazwi kukaa naye, basi kila alasiri Djaffar alipotoka kiwanda cha kusindika kamba wa baharini, yeye ndiye aliyebaki naye hadi Kouraichia arudi sokoni. Lakini mtu na mama mkwe wake wanaongea nini? Hata kutazamana usoni wanaona haya. Walikaa kimya, huyu na ukuta wake na yule na wake, mpaka siku moja Djaffar akaomba ruhusa, akawasha gemu, sauti akaizima kabisa.

Akacheza vifaru peke yake, ovyo kuliko siku zote.

"Nyuma yako," Bi Rabiata akasema kwa Kimalagasi.

Djaffar hakuthubutu kugeuza shingo. Aligeuza kifaru, na kweli, adui alikuwa nyuma. Kesho yake akaambiwa "nyuma", tena "kushoto", tena "huoni?" Siku iliyofuata akaukunjua waya wa padi ya pili, akaiweka mkekani baina yao. Ilikaa pale mpaka chai ikapoa. Kisha mkono uliotoka kwenye nguo nyeupe ukaichukua.

Kumbe jambo lenyewe lilikuwa rahisi hivyo! Watu wasioweza kutazamana wanaweza kutazama upande mmoja. Djaffar alizurura mbele akitafuta ugomvi, na Bi Rabiata akaganda karibu na kinyumba. Adui aliyesogea alikiona cha moto. Baada ya siku chache akaomba biskuti, kwa kuwa mikono inamtetemeka akicheza na njaa. Kisha akaomba wali. Kouraichia alipoiona sahani tupu alikwenda kulilia jikoni, asionekane.

Alasiri moja Djaffar akapagawa, akafyatua huku na huku, risasi yake ikapiga matofali ya kinyumba chao wenyewe.

"We mwendawazimu! Unabomoa nyumba yetu!"

Kwa Kingazija. Ni tusi la mama kwa mtoto wake wa kuzaa, na ndani yake mlikuwa na lile neno "yetu". Djaffar aliketi akilisikiliza, kifaru kimesimama.

Kelele hizo zilimkuta wifi yake Bi Rabiata, Charifa, dada wa marehemu, akiwa mlangoni na mkate aliowaletea. "Wifi! Udongo wa kaka yangu haujakauka, na humu ndani ni michezo? Na wewe, mkwe mzima, huna haya? Toa takataka hizo."

Djaffar alichomoa nyaya, akaiviringisha padi ya pili, akakumbatia mashine yake akielekea mlangoni.

"Djaffar."

Akasimama. Ilikuwa sauti ya kujaa nyumba.

"Djaffar, mwanangu, unakwenda wapi na vitu vyetu? Rudisha." Bi Rabiata akamgeukia wifi yake. "Tangu kaka yako afariki, mtoto huyu ndiye aliyenifanya nile. Ukimtoa yeye, nitoe na mimi. La sivyo, kaa, tukate huo mkate."

Charifa akaketi, akaukata.

Djaffar alizirudisha nyaya. Mchezo ukaanza, lakini machozi yalimjaa, kioo kizima akakiona ukungu, na kifaru chake kikapigwa kabla hakijajongea.

"Aa!" Bi Rabiata akasema mdomo umejaa mkate, na mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Mtu wa Nosy Be!"

Akamsogezea kipande, bila kumtazama.