Kidole Juu ya Kifungo

Ndugu hawa wawili walianza kucheza besiboli ya mezani wakiwa na meno ya utoto, na mengi ya meno hayo yaling'okea hapohapo mezani.

Jumapili hii walikuwa wanagombea chumba cha marehemu mama yao. Mdogo, fundi seremala, alikitaka kwa ajili ya mkewe na mapacha, waliokuwa wakilala karakanani na kukohoa unga wa mbao. Mkubwa, mwenye bucha, alitaka kuweka friji la nyama. Walishachaniana mashati, wakavunjiana viti, mpaka shangazi yao akachoka.

"Chezeni. Atakayeshinda ahamie. Mwamuzi mimi."

Wachezaji wao walikuwa vifungo vya makoti, na sheria zilikuwa za nyumba ile. Mdakaji akitaka kumnasa mkimbiaji aliyejitenga na kituo, anarusha dadu mbili. Zikilingana, mkimbiaji katoka. Lakini zamani, dadu zikibingirika, kila mmoja alikuwa anakirudisha kifungo chake kituoni kimyakimya, halafu ngumi zinaanza. Ndipo ikaongezwa sheria: mwenye mkimbiaji abandike kidole juu ya kifungo mpaka dadu zisimame. Kidole kikiondoka mapema, katoka. Kutisha ruksa, kugusa marufuku.

Mzunguko wa mwisho walikuwa sare. Kifungo cha fundi kilikuwa kimejitenga na kituo cha tatu. Asiponaswa, anaingia nyumbani, kituo cha mwisho, anapata pointi na mchezo umekwisha.

"Mdakaji anarusha," alisema kaka mtu. "Bandika kidole, mla vumbi."

"Rusha, mzee wa utumbo."

Kaka alirusha kwa mkono wa kushoto. Kwa wa kulia akachomoa kiunoni panga la kukatia mifupa, akaliinua. Fundi hakutikisika. Huyu ananitisha tu, alijiambia. Tangu utoto anapiga pembeni, enzi hizo kwa rula.

Na kweli alilenga pembeni. Ila mpini ulikuwa na mafuta ya nyama, ukateleza.

Sauti ile ya mfupa kukatika fundi aliijua, aliisikia kila siku akipita buchani kwa kaka yake. Aliruka na mkono wake akilia kama mbuzi, damu ikapiga ukuta, ikapiga miwani ya shangazi. Kaka alilitazama panga, kisha akakumbuka mchezo.

"Kaondoa mkono! Shangazi, umeona? Katoka!"

Shangazi alifuta miwani kwa upindo wa gauni. Dadu moja ilikuwa bado inazunguka kwenye damu. Ikasimama. Mbili na tano.

"Mkono umeondoka," alisema. "Kidole kipo juu ya kifungo. Sheria inasema kidole. Salama!"

Kaka aliruka meza amkabe shangazi koo. Fundi akanyakua stuli kwa mkono uliobaki mzima, akamshushia nayo ya mdomo. Jino likadondoka karibu na kituo cha pili.

"Toeni hilo, si mchezaji," shangazi alisema. Akakisukuma kifungo taratibu mpaka nyumbani, pamoja na abiria wake. "Haya, mwite mkeo alete magodoro. Na wewe, kibogoyo, friji lako limepata kazi. Kimbia ulete barafu, kidole cha mdogo wako kisioze."