Meli ya Madamu Kyakimwa

Sauti ya mtoto ilitoka kwenye spika ndogo juu ya meza, ikamwambia mwalimu wetu, mbele yetu sote, kwamba amekosea.

Alitaka kusema meli, akasema kondoo. Kwa Kiingereza maneno hayo yanakaribiana sana, na mtoto yule, Nkandu wa Kitwe, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, alisema kwa adabu kwamba haelewi watu walivyopanda kondoo kuvuka Ziwa Tanganyika.

Tulimtazama Madamu Kyakimwa. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Shuleni kwetu Kasungami, Kiingereza kiliishi ubaoni. Tulikinakili kwa mwandiko mzuri, lakini kukitamka tuliogopa. Mimi niliwahi kusoma mstari mmoja kwa sauti, darasa zima likaangua kicheko. Tangu hapo nikiitwa nilisimama tu, macho kwenye viatu, mpaka niambiwe niketi. Madamu hakunilazimisha. Alipatana na rafiki yake, mwalimu wa Kitwe, wanafunzi wao watumiane sauti kwa simu. Simu aliichaji kwa sola. Rezo, yaani mtandao wa simu, aliifuata juu ya kichuguu kikubwa nyuma ya darasa. Ila tulipoambiwa tuanze, kila mmoja alimsukuma mwenzake. Ndipo akatuma sauti yake mwenyewe, akisimulia safari ya meli kutoka Kalemie.

Sasa jibu lilikuwa limefika, na angeweza kulizima. Badala yake alilirudia, akasikiliza ameinamisha kichwa, kisha akalitamka neno lile upya, polepole. Tukapanda naye kichuguuni kulituma, tukasubiri juani. Nkandu akajibu kwamba bado kidogo. Madamu akarudia, akarudia tena, bila kuona haya, mpaka sauti ya Kitwe ikakubali kwamba sasa ni meli. Uso wake ukang'aa.

Akaninyooshea simu.

"Miye pia niko najifunza, Ngosa," alisema. "Tujifunze wote."

Nilitaja jina langu, na kwamba mama analima mahindi. Nilikosea mara mbili tatu, nikasahihishwa, nami nikabaki nimesimama palepale.

Leo mimi ni mkalimani mpakani Kasumbalesa. Watu wakiniuliza Kiingereza nilikipata wapi, huwatajia chuo kikuu, maana ndicho wanachotarajia. Lakini nilikipata mchana ule, Nkandu aliponiuliza mahindi ya mama yamefikia urefu gani, nami nikamjibu kabla Madamu hajaniambia nijibu.