Shingo ya Mpiga Nzumari

Shingo ya Abdulwahab ilikwisha shikwa na madaktari kumi na wanane, na hakuna hata mmoja aliyeitibu. Kila akipuliza nzumari, upande wa kushoto ulifura ukawa kama andazi. Akiubonyeza, hewa ilitoka ikipiga mluzi. Kwenye harusi za Kinondo watu walicheka wakashika mbavu. Nyumbani hakuna aliyecheka, maana akilala tu pumzi ilimkwama, na mkewe Mwanapili alikuwa hana usingizi kwa kumwinua.

Daktari Cornelius, bingwa wa masikio, pua na koo, alifurahi kumwona kuliko mtu aliyepata mtoto.

"Mzee, hiki ni kifuko cha hewa kooni. Ni nadra sana! Wenzangu wengi wamekisoma vitabuni tu."

"Alhamdulillahi. Utanipasua lini?"

"Njoo kwanza kwenye kongamano letu Diani. Upulize kidogo tu, tukuone. Halafu tutapanga."

Hiyo "halafu" ilikuwa imetimiza miezi saba sasa. Lakini mwenye kutafuta pumzi hana maringo. Abdulwahab akavaa kanzu iliyopigwa pasi, wakaenda yeye na Mwanapili.

Ukumbi wa hoteli ulijaa mabingwa, kila mmoja kavaa kadi yenye vyeo vingi kuliko wagonjwa wake. Abdulwahab akatia nzumari mdomoni. Andazi likachomoza. Ukumbi mzima ukasimama, simu juu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Huku kwetu, mtu akisimama mbele ya mpiga nzumari amesimama kumtuza, kumbandika noti kipajini, na mpigaji mwenye adabu hanyamazi mpaka anayetuza akae. Abdulwahab alikuwa na adabu tele. Wao wamesimama, yeye akapiga. Shingo ikazidi kufura, na wao, badala ya kukaa, wakapanda juu ya viti. Maskini, akatafuta kwa macho walau noti moja, asiione. Midomo ikaanza kumgeuka rangi. Wataalamu themanini wa koo walikuwa wakilitazama koo likiziba, na mmoja wao akawaomba wa mbele wainame kidogo ili naye apate picha.

"Kaeni kitako!" Mwanapili akapiga ukelele. "Mtaniulia mume wangu! Kaeni!"

Wakakaa kama watoto wa chuo cha Kurani. Nzumari ikanyamaza. Abdulwahab akashika meza akihema, machozi yakimtoka, na ukumbi ukapiga makofi.

Cornelius akamjia mbio, uso unang'aa. "Ajabu tupu! Mzee, mwakani tutakutana Kisumu. Nauli ni juu yetu."

"Na kupasuliwa?"

"Tutapanga, tutapanga. Lakini unajua, ukishapasuliwa hakutakuwa na kitu cha kuona tena."

Abdulwahab alikuwa mtu mpole, ila siku hiyo hasira zilimpanda mpaka pale pale pumzi ilipokuwa imekwama. Akampa Mwanapili nzumari yake, akazunguka meza kuu, akakaa kwenye kiti cha Cornelius mwenyewe, mabingwa wote wakimtazama.

"Kisiwepo cha kuona tena, hicho ndicho nilichokujia, daktari," akasema. "Sitoki hapa mpaka unitajie siku."