Cheo Kisichoombwa

Tangu asubuhi Rkia alikuwa akishona kifungo kimoja. Alikifunga, akakifumua, akakifunga tena, mpaka uzi wa hariri ukaanza kuchakaa vidoleni. Mji mzima ulimjua kwa vifungo vya kanzu za sufu visivyolegea, na siku hiyo kifungo kimoja kilimshinda. Ilikuwa hofu, naye hakujidanganya kuhusu sababu yake. Baada ya sala ya alasiri, tawi la Chama cha Kisima lingechagua katibu mpya, na Rkia aliogopa kuchaguliwa.

Kwani watu hawauani kwa ajili ya vyeo? Wanauana, tena sana, chama kikiwa kimeshika mpini. Kisima kilishika mji ule mdogo chini ya milima ya Rif kwa miaka kumi, na miaka hiyo kila mwenye mdomo alikuwa na binamu ndani ya chama. Kisha ukaja uchaguzi wa Septemba, Kisima kikapigwa kama mkeka wenye vumbi. Katika baraza zima la mji kiliambulia kiti kimoja, na mwenye kiti hicho, bila haya, akahamia kwa washindi kabla wino haujamtoka kidoleni. Watoto wa mtaa wakawa wanapita chini ya dirisha la ofisi wakiimba kwamba kisima kimekauka, vyura wahame.

Ya watoto yangevumilika. Lakini kabla mwezi haujaisha wachunguzi walikuja kumchukua Si Bouazza (kwao 'Si' ni bwana, na 'Lalla' ni bibi), aliyekuwa meya na katibu wa tawi, wakamwulize habari za zabuni za soko. Alitoka na viatu vya nyumbani akisema atarudi kula chakula cha mchana, na mpaka leo mkewe anampelekea nguo gerezani. Makao makuu ya chama kule Rabat yakatuma neno: tawi lisilo na katibu lifungwe. Kila mtu alijua kwamba atakayekaa kwenye kiti cha Bouazza ndiye atakayeitwa kueleza ya Bouazza.

Rkia alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Anas. Kijana alikuwa amefaulu mtihani wa kuingia forodha, akabakiza uchunguzi wa nyendo tu. Watu wa serikali walikuwa wameshapita mtaani kuuliza: anaswali wapi, anakaa na nani, mama yake ana mambo gani. Jirani aliyeulizwa alimhadithia Rkia yote juu ya ukuta wa uani, akamalizia, "Nimewaambia mama yake hana mambo, anashona tu. Usinitie aibu, Lalla Rkia." Mama akiwa katibu wa chama kilichoanguka, mtoto angeipata forodha ndotoni.

Sasa, kwa nini asikatae? Hapo ndipo penye uzito. Kisima kilikuwa na desturi yake, na wanachama waliilinda kama wanavyolinda nyuso zao. Cheo hakiombwi. Anayekiomba hakipewi, na anayepewa hakikatai, ila kwa maradhi. Kila mtu huandika jina la mwenzake kwa siri. Majina yaliyorudiwa husomwa, wenye majina hukaa mbele, na wengine husimama mmoja mmoja kuwasema, mazuri yao na mabaya yao, machoni pao wenyewe. Kisha hupigwa kura. Kutokwenda mkutanoni hakukusaidia kitu, maana asiyekuwepo ndiye aliyeandikwa kwanza.

Ijumaa iliyopita Si Jilali, muuza mafuta ya zeituni, alikuja kula kuskusi kwake na Anas kama alivyozoea. Yeye ndiye aliyemwingiza Rkia chamani, na ndiye aliyemwosha mumewe siku ya maziko; wakaitana kaka na dada bila kuwa ndugu wa damu. Walipatana pale pale mezani.

"Nitakusema vibaya mpaka ujichukie," Jilali alisema huku akibana tonge. "Na wewe uniseme. Usinionee huruma."

"Nikuonee huruma wewe? Kaka, nina miaka ishirini ya vituko vyako. Sijui nianzie wapi."

"Anzia kwenye kukoroma mikutanoni. Hilo wana ushahidi."

Wakacheka. Siku ile kucheka kulikuwa rahisi.

Ofisi ilikuwa chumba cha juu, juu ya duka la magodoro. Waliofika walijaza nusu ya viti, na kila mmoja alitafuta kiti cha karibu na mlango. Si Mimoun, mwalimu mstaafu, ndiye aliyeongoza kikao, akafungua kwa dua ndefu kuliko kawaida. Pengine alitumaini chama kingekufa chenyewe kabla ya "amina". Vikaratasi vikaandikwa, vikakunjwa, vikakusanywa katika birika la chai lililopoteza kifuniko. Mimoun akasoma. Majina matatu yalirudiwa: Bouchaib mwenye magodoro, Jilali, na Rkia.

Rkia alikwenda mbele akishika migongo ya viti.

Bouchaib hakukaa sana. Alipoinuka mtu wa kwanza kumsema, yeye alishika kifua, akalia, akataja moyo, presha na daktari wa mjini Fes. Mama mmoja akampa maji.

"Si Bouchaib, jana si ulikuwa unapandisha magodoro ghorofani?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

"Ndiyo yaliyoniua hayo hayo!" Bouchaib akajibu, akaomboleza zaidi.

Desturi ilikubali maradhi. Akaachiwa, akashuka ngazi mbio kama kijana. Mbele wakabaki wawili.

Jilali akaanza, maana mwenye jina ana haki ya kumsema mwenzake. Akasimama, akakaza uso. "Huyu dada ni mropokaji," akasema. "Mpe siri asubuhi, adhuhuri utaikuta hamamuni inaoga. Hasira zake ziko karibu kama pua. Na hesabu? Alisimamia Maulidi ya mwaka juzi, chai ikawa na sukari kwa mstari wa mbele tu. Mkimpa muhuri, ataupoteza sokoni."

Watu wakacheka. Rkia alijua ni mapatano, hata hivyo masikio yalimwaka moto. Akamshukuru kimoyomoyo. Kaka yake alikuwa ametimiza.

"Mropokaji si tatizo," Mimoun akasema taratibu. "Siri zenyewe tumebakiwa nazo zipi? Mimi naona jambo jingine. Lalla Rkia ni mwanamke, mjane, anaheshimika. Wachunguzi wataona haya kumsumbua. Mwanamume watamburuta."

"Wallahi umesema," mmoja akaitikia. "Watamwogopa Mungu kwa mjane."

"Kweli. Mjane ni ngao."

Rkia akaona vichwa vikitikisika, kimoja baada ya kingine, na macho yakimtazama kwa huruma ya watu waliokwisha kuamua. Watu wazima, wenye ndevu, walikuwa wanajificha nyuma ya kanzu yake, na wala hawakuona aibu. Akamwona akilini Anas, nyumbani, akipiga pasi shati moja kila siku kwa ajili ya kazi ambayo haijaja.

"Sema na wewe," Mimoun akamwambia. "Umseme Si Jilali."

Alisimama. Maneno ya mapatano yalikuwa tayari mdomoni: anakoroma, ana kichwa kigumu, anachanganya mafuta ya mwaka jana na ya mwaka huu. Akafungua kinywa, na hofu ikasema badala yake.

"Si Jilali nimemtafutia aibu, sikuiona," akasema. "Tuliposhika mji huu, kila mtu humu alipata kitu. Mimi nilipata kibanda sokoni. Wewe Mimoun, mwanao aliandikwa kazi baraza la mji. Huyu hakuchukua kitu. Mafuta ya mikutano yetu alitoa bure, akakataa zabuni ya shule. Wachunguzi wakipekua, kwake watakuta mikono mitupu. Mnataka ngao? Ngao ni mtu safi." Alitakiwa kuishia hapo. Hakuishia. "Na hana mtoto. Hana wa kuharibikiwa."

Jilali alimtazama kidogo, kisha akatazama viatu vyake. Alikuwa amezika mke, na watoto hawakujaliwa, na mtu pekee ambaye Jilali alipata kumlilia kwa jambo hilo alikuwa Rkia.

Kura zikapigwa. Birika zima likatoa jina moja.

Enzi za neema, aliyechaguliwa alisema maneno ya msiba, inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, kuonyesha kwamba cheo ni mzigo. Kisha alijifuta macho makavu, watu wakamkumbatia. Jilali aliyasema sasa, polepole, kwa sauti ya mtu aliyesimama kaburini. Hakuna aliyemkumbatia.

"Katibu huteua naibu," Mimoun akakumbusha, akajuta kabla hajamaliza, maana naibu naye hakatai.

Vichwa vyote vikainama. Jilali akapitisha macho kiti kwa kiti, akafika kwa Rkia, akakaa hapo. Angeweza. Haki ilikuwa yake, na sababu alikuwa nayo.

"Namteua Si Bouazza," Jilali akasema. "Yuko ndani tayari. Hawawezi kumkamata mara mbili."

Kicheko kikalipuka, kikubwa kuliko mzaha wenyewe, na watu wakakitumia kuinuka, kutafuta makoti, kushuka. Hata Mimoun hakungoja kufunga kikao. Rkia alibaki nyuma, yeye na kaka yake, pamoja na muhuri uliobaki mezani.

"Kaka," akaanza.

"Yale niliyokusema mimi yote yalikuwa uongo," Jilali akasema. "Ya kwako je?"

"Kweli tupu."

"Ndiyo. Ungenisingizia hata kidogo, dada yangu." Akautia muhuri mfukoni, akaenda kusimama dirishani. "Sikiliza. Mwambie Anas asipite dukani kwangu tena, mafuta anunue kwingine. Ijumaa sitakuja. Na wewe tukikutana njiani usinisalimie. Watu wa serikali wataona."

Rkia akaitikia kwa kichwa, machozi yakimtoka. Mungu amsamehe: hilo hilo la kukaa mbali nao ndilo alilokuwa amebaki nyuma kumwomba Jilali.